Kilichonirudisha kanisani ni paa na besi

Mleta mada umeuliza sisi tuliokaa nje ya kanisa miaka mingi tulirudishwa na nini, mahubiri au matatizo. Kwangu si mahubiri wala matatizo.

Niliacha baada ya msiba wa mzee. Parokia siitaji. Viongozi wa jumuiya walifungua daftari, wakakuta marehemu anadaiwa michango, tukaambiwa padre haji mpaka deni liishe. Tukapita kwa majirani kukopa, mwili uko ndani, kisha tukakatiwa risiti. Ninayo hadi leo. Baada ya hapo ilipita miaka tisa, hata harusi za ndugu nilikuwa nazisubiria nje na wapiga picha.

Mimi ni fundi ujenzi. Nilipata kazi ya ukarabati Mji Mkongwe, Zanzibar, na Jumapili moja, sina la kufanya, nikalipa kiingilio kama mtalii nikaingia Kanisa Kuu la Waanglikana pale Mkunazini. Habari za soko la watumwa nilizisoma shuleni: lilifungwa 1873, na mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo. Altare imesimama palipokuwa mti wa kuchapia watu. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia habari za paa. Limepinda kama pipa lililopasuliwa kati, ni saruji na matumbawe yaliyopondwa, na halina nguzo hata moja katikati. Nilikaa chini yake nikipiga hesabu ya mbao na mirunda waliyohitaji kulishikilia mpaka likauke. Sikuimaliza.

Mtembeza wageni akatuonyesha nguzo za upande wa mlangoni, zimesimama kichwa chini miguu juu. Inasemekana Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha walivyoelewa wao, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Nikacheka kifundi, maana nawajua watu wa namna hiyo. Kicheko kikapanda juu, kikanirudia kinene kuliko nilivyokitoa. Nikanyamaza.

Kesho yake nikapanda boti kurudi Dar. Wanaopajua pale bandarini wanajua ukitoka getini tu, ng'ambo ya barabara unatazamana na Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lile la Wajerumani lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Nimepita pale mara ngapi na begi langu! Siku hiyo nikavuka. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hakuna kinanda wala spika, na kwaya ilikuwa mazoezini ikirudia wimbo wa "Mtakatifu" kwa solfa (do, re, mi), sauti moja moja. Mwalimu akapiga makofi: "Besi, mnaburuza!"

Nilikuwa naimba besi, ile sauti nzito ya chini, miaka sita kabla ya yale mambo ya msibani. Nilijua sehemu yenyewe wanayoburuza. Zilipounganishwa sauti zote nne, noti ya mwisho ilibaki juu kule kwenye matao baada ya watu kufunga midomo, na mimi nikajikuta midomo inacheza.

(Hapa nitachokoza watu: tukiweka spika kubwa na ngoma za kinanda kwenye majengo ya namna hii tunayaharibu. Jiwe halimezi sauti, linairudisha. Ukiimba taratibu sauti zinajengana, ukiharakisha na spika juu unapata uji. Waliojenga walijua wanajengea nini.)

Nilirudi wiki iliyofuata, na nyingine tena, nakaa benchi la nyuma. Kupokea komunyo nilichelewa sana, maana kwenye kitubio ilinibidi niiseme ile risiti, na hasira yake haijaisha mpaka sasa. Ila parokia ninayosali siku hizi ni nyingine, si ile ya risiti. Nilipomfuata mwalimu wa kwaya yao hakuniuliza nilikuwa wapi miaka yote hiyo. Aliniuliza kama nasoma nota, nikamwambia zamani nilikuwa nasoma, akanipa karatasi ya fotokopi iliyofifia na kunionyesha pa kusimama.