Mshumaa wa “bustani baada ya mvua” haunukii

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimenunua mshumaa wa glasi ulioandikwa “bustani ya kijani baada ya mvua”. Kabla ya kuuwasha unanukia vizuri. Nikiuwasha, harufu haifiki hata mlangoni, na nta inayeyuka katikati tu, shimo kama kisima. Nimeibiwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujaibiwa, nadhani siku ya kwanza uliuzima mapema. Mshumaa mpya uache uwake mpaka nta iyeyuke ukingo hadi ukingo, hata kwa muda wa saa tatu, nawe usitoke nyumbani. Harufu inatoka kwenye nta iliyoyeyuka, si kwenye moto. Kisima chembamba, harufu kiduchu.

Kukitibu, funika mdomo wa glasi kwa karatasi ya foili, uache tundu pana katikati. Joto litarudi pembeni na kuyeyusha zile kuta. Ikishalingana, toa foili (shika kwa kitambaa, itakuwa ya moto). Utambi ukate ubaki kama milimita 5, na feni izime!

Kuhusu mvua yenyewe, usitarajie makubwa. Harufu ya udongo uliolowa ni ya geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa ardhini. Ndiyo unayoisikia kwenye kiazi chekundu cha saladi. Ikizidi kidogo tu, sebule inanuka handaki, kwa hiyo mafundi wengi hukimbilia majani mabichi. Kule Kannauj, India, hukeneka udongo uliochomwa na kunasa mvuke wake kwenye mafuta ya msandali. Hayo niliwahi kunusa. Mshumaa wako hauyafikii.