Madini ya risasi hubaki mwilini baada ya kazi kuisha

Ndugu, umeuliza kama mjomba wako, aliyeacha kazi ya kuyeyusha betri chakavu za magari miaka mingi iliyopita, bado yumo hatarini ilhali kipimo cha risasi katika damu kimetoka kizuri. Kipimo hicho pekee hakitoshi kuondoa shaka. Risasi, madini yaliyomo kwenye betri hizo, hupungua katika damu ndani ya wiki au miezi michache mtu akishaacha kuivuta, lakini sehemu kubwa huhifadhiwa mifupani kwa miongo, kwa kuwa mwili huichukulia kama kalsiamu, na hurejea kwenye damu taratibu mifupa inapodhoofika kwa uzee. Madhara yanayochelewa kujitokeza ni pamoja na shinikizo la damu na ugonjwa wa figo. Kwa hiyo apimwe shinikizo la damu na figo, na amtajie daktari waziwazi kazi aliyoifanya, jambo ambalo wagonjwa husahau kulisema na (tukubali) madaktari husahau kuliuliza. Moshi na vumbi navyo haviishii getini: huko Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliopakana na kiwanda cha namna hiyo, hata watoto walikutwa na risasi damuni. Waliokuwa wakimfulia mjomba wako nguo za kazi nao wapimwe.