Rimu ya lori badala ya kengele: je, inafaa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Kigango chetu, kanisa dogo chini ya parokia, hakina kengele. Katekista hugonga rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe. Ndugu zetu walioko mjini wanasema ni aibu kwa nyumba ya Mungu. Shule jirani nayo inagonga rimu, watoto wanachanganya. Je, Kanisa linaruhusu? Inaweza kubarikiwa?

JIBU: Milele na milele, amina.

Aibu siioni. Kengele kazi yake ni kuita. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, Mungu anamwagiza Musa atengeneze tarumbeta mbili za fedha, kisha anamfundisha mlio wa kukusanya watu wote, wa kuita wakuu peke yao, na wa kung'oa kambi. Chombo ni kilekile, mlio ndio unaotofautiana. Kwa watoto wenu, shida haiko kwenye chuma. Iko kwenye namna ya kugonga.

Shule hugonga mfululizo. Sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni, ina mapigo yake tangu zamani. Gonga mara tatu, nyamaza. Aliyeko shambani anaegemea jembe na kusema, "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria," mwenzake anaitika, wanamaliza na Salamu Maria. Mara tatu tena: "Ndimi mtumishi wa Bwana." Tatu nyingine: "Neno la Mungu akatwaa mwili." Ndipo yanafuata mapigo tisa kwa sala ya kumalizia. Nimewahi kufanya kazi na katekista mzee aliyekuwa akivua kofia kwanza, akaibana kwapani, nondo mkononi, midomo ikitembea. Alikuwa anasali huku anagonga, kwa hiyo hakukosea kamwe urefu wa ule ukimya. Mfundisheni hivyo mgongaji wenu, na msiba nao muupe mapigo yake ya polepole, ili mtu ajue kabla hajauliza.

Sheria ya Kanisa ya 1917 ilisema yafaa kila kanisa liwe na kengele. Ile ya 1983 haikulirudia neno hilo. Kitabu cha Baraka kina ibada ya kubariki kengele. Rimu haikutajwa humo, lakini kitu kilichotengwa kwa ajili ya kuita waamini, mimi sioni kizuizi cha kukiombea baraka. Mwambieni paroko wenu atakapokuja kwa Misa. Kikishabarikiwa, kisigongwe tena kuita mkutano wa mnada. Moto ukizuka kijijini, gongeni bila kusita.

Na rimu ifuate kalenda kama kengele yoyote: baada ya wimbo wa Utukufu katika Misa ya Alhamisi Kuu inyamaze mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Siku hizo vibao viwili vya mti vya kugonganisha vinatosha.

Mchango wa kengele endeleeni nao, ni kazi njema. Siku itakapofika, rimu msiiuze kwa wanunua vyuma chakavu. Ipelekeni kigango kipya kisicho na chochote cha kugonga.