Mwanangu, hicho kichupa kiache dukani

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya kichupa nimeiona. Unauliza kama vidonge vinavyodai kuongeza BDNF vitakusaidia kushika masomo kabla ya mitihani. Havitakusaidia. Najua hutaridhika na jibu hilo, kwa hiyo endelea kusoma.

BDNF ni protini, mojawapo ya vichocheo vya ukuaji wa seli za neva. Yves-Alain Barde na wenzake waliitenga mwaka 1982 kutoka kwenye ubongo wa nguruwe, wakitafuta kinachozizuia seli hizo zisife. Baadaye ikagundulika kwamba inapandisha na kushusha nguvu ya sinapsi, pale seli moja inapoipasia nyingine ujumbe.

Chukua sinapsi moja tu ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuunda kumbukumbu. Seli ya kwanza inamwaga glutameti, kemikali ya kubebea ujumbe, mfululizo, kalsiamu inafurika ndani ya seli ya pili, na BDNF inatolewa papo hapo. Ikinasa kwenye kipokezi kiitwacho TrkB, seli ile inaongeza vipokezi vya glutameti kwenye utando wake. Ujumbe uleule ukija tena, unaitikiwa kwa nguvu zaidi. Sinapsi ya jirani iliyokaa kimya haiambulii kitu, au inaambulia kidogo.

Wauzaji hawatakwambia linalofuata. BDNF huanza ikiwa ndefu, proBDNF, kisha vimeng'enya kama plasmini huikata. Iliyokatwa huimarisha sinapsi kupitia TrkB. Isiyokatwa hushika kipokezi kingine, p75, na kuidhoofisha. Jeni ni ileile, kazi zinapingana! Na huko kudhoofisha kunahitajika, maana kwa wanyama wa maabara TrkB ikichochewa kupita kiasi huchangia kifafa. Ndiyo maana neno "kuongeza" pale kwenye lebo limeniudhi: kuongeza ipi, na wapi?

Hata kama ndani ya kidonge mngekuwa na BDNF yenyewe, tumbo lingeisaga kama maharage. Ukidungwa sindano nako, kizuizi kati ya damu na ubongo huipitisha kwa shida.

Ukitaka kufanya kitu, tembea. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, wazee waliotembea kwa mwaka mzima hipokampasi zao ziliongezeka kwa takriban asilimia 2. Za wenzao waliokuwa wakinyoosha viungo tu zilipungua. Wewe si mzee, najua, ila miguu ni bure.

Nipigie picha nyuma ya kichupa. Nataka kuona wametia nini humo.

Baba yako