Vipaumbele vya jiji: maswali yenu na majibu yetu

Wiki hii tumechagua maswali kutoka halmashauri za majiji ya Tanzania.

Mtaa wetu umeomba zahanati miaka miwili mfululizo. Mbona haimo kwenye bajeti? (Mbeya)

Kwanza jueni ombi limekwama ngazi gani. Mkutano wa mtaa unaibua tu maombi. Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya uenyekiti wa diwani, ndiyo inayochambua maombi ya mitaa yote na kuyapanga kwa namba, na hapo ndipo mengi hufia. Muhtasari wa kikao hicho anao Mtendaji wa Kata; mwombeni, muone zahanati yenu imepewa namba ngapi. Yanayovuka huenda kwa timu ya menejimenti ya halmashauri, kisha kamati za kudumu, na mwisho Baraza la Madiwani.

Ombi la "tunaomba zahanati" halina nguvu. Lenye nguvu linataja kiwanja kilichopimwa kisicho na mgogoro, idadi ya kaya, umbali wa kituo kilicho karibu na kiasi ambacho wananchi wameshachanga. Boma, yaani jengo ambalo halijamalizika, lililofika kwenye lenta huwa na nafasi kuliko kiwanja kitupu, maana Serikali Kuu imekuwa ikitoa fedha za kumalizia maboma: Sh milioni 50 kwa zahanati, Sh milioni 12.5 kwa darasa. Ila msiinue kuta bila ramani na mhandisi wa halmashauri. Boma la vipimo vya kubuni huishia kuota nyasi, na michango ya watu imekwenda na maji.

Jiji linatoza ushuru sokoni kila siku. Kwa nini haliweki lami mtaani kwetu? (Arusha)

Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo, si chini ya jiji. Mpelekeeni diwani hoja hiyo, lakini aifikishe kwa meneja wa TARURA wa wilaya kabla orodha ya matengenezo haijafungwa.

Mradi ulipitishwa, mwaka umeisha, hata msingi haujachimbwa. Fedha zimeliwa? (Dodoma)

Huenda hazikuwahi kuwepo. Angalieni chanzo cha fedha kilichoandikwa mbele ya mradi. Kikiwa ni mapato ya ndani, mradi unategemea makusanyo, na makisio yakipaishwa ili bajeti ipendeze, miradi ndiyo hukatwa kwanza, kwani posho za vikao na uendeshaji wa ofisi hazisubiri. Kikiwa ni ruzuku, fedha zinaweza kuingia Mei wakati zabuni haijatangazwa kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, na mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Taarifa ya utekelezaji ya robo mwaka huonyesha kilichopangwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Kama kilichopokelewa ni kingi na kilichotumika ni kidogo, bila zabuni inayoendelea, hapo sasa ulizeni kwa sauti.

Je, jiji linaweza kutumia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kujengea stendi?

Hapana. Kwa sheria ni mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Twende lini ili tusikilizwe? (Tanga)

Septemba hadi Novemba, wakati mitaa na kata zinaibua miradi. Wengi hujitokeza kwenye kikao cha Baraza cha bajeti, kati ya Januari na mapema Machi. Kikao hicho kiko wazi kwa wananchi, lakini ukomo wa bajeti, yaani kiwango kisichoruhusiwa kuvukwa, umeshatolewa na takwimu zimeshaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Diwani akitaka kuingiza darasa lenu, lazima ataje mradi wa nani utolewe.