Maswali yenu kuhusu uzito: vidonge vya kunenepesha, mawese na kilo zinazorudi

Shikamoo. Nina miaka 24, ni mwembamba sana na harusi yangu ni mwezi ujao. Nimeambiwa kuna vidonge vya kunenepesha kwa wiki mbili. Ninywe vingapi kwa siku? – Bi harusi mtarajiwa, Gungu

Marahaba, mwanangu. Usinywe hata kimoja. Swali hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka, na bado linaletwa vilevile: "vingapi?" badala ya "ni vya nini?"

Vidonge hivyo huuzwa kwenye kikaratasi kisicho na jina, na mara nyingi ndani yake ni siproheptadini, deksamethasoni, au vyote viwili. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Inaleta usingizi na hamu ya kula. Ukiiacha, hamu nayo inaondoka. Deksamethasoni ndiyo ya kuogopwa. Ni steroidi inayofanya kazi ya kortisoli, homoni ya tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Inahamishia mafuta usoni, nyuma ya shingo na tumboni, huku ikila misuli ya mapaja na mikono. Hayo mashavu unayoyasifu kwa jirani ndiyo hayo. Inapandisha sukari na presha, na inadhoofisha mifupa.

Baya zaidi, tezi zile zikikuta damu imejaa kortisoli ya dukani, zinaacha kutengeneza ya kwao. Mtu aliyetumia kwa wiki kadhaa akakatisha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka hata akafa. Kwa hiyo aliyekwisha kuanza asivitupe chooni kwa hofu. Aende navyo hospitali, apunguziwe dozi kidogo kidogo.

Ukitaka kilo za kweli, ongeza kalori 400 hivi kwa siku juu ya unachokula sasa: kijiko kimoja cha chakula cha mawese kwenye maharage (120), kiganja cha karanga (170), na kikombe cha maziwa au uji wa maziwa. Hapo utapata kama kilo moja na nusu kwa mwezi. Harusi itakukuta mwembamba, na gauni hupunguzwa na fundi.

Maji ya ndimu ya moto asubuhi yanayeyusha mafuta ya tumbo? – Msomaji, Katubuka

Hapana. Na tangawizi hapana, na kitunguu saumu hapana.

Niliacha ugali kabisa, wiki ya kwanza nikapungua kilo tatu. Nilipourudia, zikarudi ndani ya siku nne. Ina maana ugali unanenepesha? – Baba Asha, Ujiji

Ulipungua maji, ndugu yangu. Ini na misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hushikilia gramu tatu hivi za maji. Ukikata wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Huwezi kuchoma kilo tatu za namna hiyo kwa wiki moja hata ukibeba mizigo gatini kutwa nzima.

Ungeniuliza kuhusu kitoweo, tungeelewana. Migebuka inayoogelea kwenye mawese: upawa mmoja unaingiza vijiko vinne vya mafuta, karibu kalori 480, na hakuna anayeuhesabu. Usiniambie mawese ni ya asili. Rangi yake ni ya karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na hilo ni jema. Lakini kwa kalori hayapitwi na alizeti wala mafuta mengine yoyote. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu.

Nilipungua kilo tisa kwa juhudi zangu, sasa zimerudi zote na njaa haikomi. Nimelogwa? – Mama Zawadi, Mwanga

Hujalogwa, dada. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994. Ubongo huisoma kama kipimo cha akiba. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unaona njaa imeingia kijijini: unaongeza hamu ya kula, unakufanya uketi zaidi bila kujua, na unabana matumizi. Tumbo nalo linatoa zaidi ghrelini, homoni ya njaa. Katika jaribio la Minnesota la 1944 na 1945, wanaume 36 walipunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Walipofunguliwa walikula kupita kiasi walichokula kabla ya jaribio.

Kwa hiyo anza tena polepole, nusu kilo kwa wiki. Kila mlo uwe na dagaa, maharage au samaki, kwa sababu mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori za protini katika kuichakata tu, na protini inashibisha. Fanya kazi za nguvu ili misuli isiliwe. Ukifika unakotaka, jipime mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, kwenye mizani ileile. Ikipanda kilo mbili, rekebisha wiki hiyohiyo. Na ulale kwa muda wa saa saba kila usiku: anayekosa usingizi hula zaidi.

Nikivaa koti zito nikikimbia kwenda Kibirizi, napungua haraka? – Kijana, Bangwe

Unapungua jasho. Ukinywa maji limerudi. Vua koti kabla joto halijakuangusha barabarani.

Mume wangu amepungua kilo saba kwa miezi minne bila kubadili chakula. Majirani wanamsifia. – Mke mwenye wasiwasi, Kasulu

Wasiwasi wako ni wa haki, majirani waache. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita hadi 12 bila kutaka ana sababu inayotakiwa kutafutwa. Kama ana kiu na anakojoa mara kwa mara usiku, anza na kipimo cha sukari. Kama anakohoa wiki mbili au zaidi, apimwe kohozi kwa ajili ya kifua kikuu. VVU apimwe kwa hali yoyote, na mwambie daktari aiangalie tezi ya shingo. Mpeleke wiki hii, na uandike kwenye karatasi uzito wake wa zamani na wa sasa, maana wanaume wengi wakifika mbele ya daktari husema "niko sawa".