Je, kompyuta inasoma vidole vyangu? Namna timu ya kompyuta inavyokaba

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nacheza gemu za mpira miaka mingi sasa na nimefika ngazi ya juu kabisa ya ugumu. Huko nakutana na mabeki wa kompyuta wanaokata karibu kila pasi yangu. Nikibonyeza tu, beki ameshasogea, utadhani anasoma vidole. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mabeki wangu mwenyewe, wale ambao sijawashika na wanaongozwa na kompyuta hiyo hiyo, wanasimama kama milingoti ya goli. Mshambuliaji anapita katikati ya wawili na hakuna anayetoka. Je, gemu inanichezea mchezo mchafu? Na nifanyeje?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuandika programu zinazoongoza mabeki wa aina hiyo, kwa hiyo nakiri mapema kwamba lawama yako ina ukweli ndani yake. Ila ukweli huo hauko pale unapouweka wewe.

Tuanze na pasi iliyokatwa. Tuseme umetoa pasi ya chini inayokwenda mita 15 kwa sekunde, na beki amesimama kando ya njia ya mpira, usawa wa mita 10 kutoka mguuni pako. Mpira utafika usawa wake baada ya theluthi mbili za sekunde. Yeye anakimbia mita 7 kwa sekunde (tusijali kwamba mtu huanza polepole kabla ya kushika kasi, ili hesabu iwe nyepesi). Binadamu akiona kitu, hupita kama robo ya sekunde kabla mwili haujaitikia. Ondoa robo hiyo: beki mwenye macho ya binadamu atakuwa amesogea mita 2.9 tu. Beki wa kompyuta aliyewekewa ucheleweshaji wa sekunde 0.05 atakuwa amesogea mita 4.3. Miguu ile ile, kasi ile ile, lakini pasi ambayo kwa binadamu ingepita kwa raha inaishia kwenye kiatu chake.

Beki huyo hasubiri aone mpira unaelekea wapi, kwa sababu hana macho. Mpira ukishaachia mguu, ile sehemu ya programu inayoendesha mwendo wake inajua tayari utapita wapi, kwa kasi gani, na utasimama wapi. Kumwambia beki wapi akutane nao ni hesabu fupi tu. Mwaka 1999 mwanaprogramu Craig Reynolds alieleza mbinu kadhaa za kuongoza mwendo wa viumbe wa kwenye gemu, na mojawapo ni hii: usimfukuze mtu pale alipo, kimbilia pale atakapokuwa. Beki anayekufuata kwa kukata kona anafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo ngazi za ugumu hazijengwi kutoka chini kwenda juu kama wengi wanavyodhani. Hatuanzi na beki mjinga tukamfundisha. Tunaanza na beki ambaye karibu hakosei, kisha tunamfunga kitambaa machoni: tunamchelewesha, tunamwongezea makosa kwenye makadirio, tunamfanya asahau kidogo. Ngazi ya chini kitambaa ni kizito, ngazi ya juu kinakuwa chepesi. Unachokiona huko juu si akili iliyoongezwa, ni upofu uliopunguzwa.

Sasa suala la vidole. Kati ya kubonyeza kitufe na mpira kuondoka kuna muda: mchezaji wako lazima arudishe mguu nyuma na aupige. Programu inayoendesha mabeki inaweza kupewa taarifa katika nyakati tatu tofauti. Inaweza kuambiwa mpira unapoondoka, na hapo ni haki tupu. Inaweza kuambiwa mguu unaporudi nyuma, na hiyo kwangu ni haki pia, kwani beki wa kweli naye hutazama mwili wa mpinzani. Au inaweza kuambiwa kitufe kinapobonyezwa, kabla mwili haujaonyesha lolote. Huo ndio wizi, na kitaalamu ni rahisi mno kuufanya, hata kwa bahati mbaya, maana taarifa zote zimo kwenye kumbukumbu moja.

Unaweza kuichunguza gemu yako mwenyewe. Rekodi video ya fremu 60 (yaani picha 60) kwa sekunde, kisha isogeze fremu moja moja. Hesabu fremu kuanzia mpira unapoachia mguu hadi beki anapoweka hatua yake ya kwanza kuelekea njia ya pasi. Fremu 12 hadi 15 ni kasi ya binadamu wa kawaida. Fremu 3 ni kompyuta isiyofungwa kitambaa, lakini bado haijasoma vidole. Halafu jaribu kiki ya uongo: bonyeza kupiga, futa papo hapo, mara nyingi mfululizo, huku ukirekodi pia mkono wako ulio kwenye pedi. Beki akiruka kuzuia kabla mguu wa mchezaji wako haujatikisika, umemkamata. Akiruka baada ya mguu kurudi nyuma, amedanganywa kihalali, na umepata silaha ya bure.

Nikuambie kitu kuhusu haki, kwa kuwa gemu za dukani hazikujengwa kama uwanja wa haki. Yako mashindano ya mpira wa roboti yanayoitwa RoboCup, yalianza mwaka 1997 huko Nagoya, Japani. Moja ya ligi zake haina roboti za chuma. Ni timu mbili za programu, wachezaji 11 kila upande, wakicheza ndani ya kompyuta. Huko kila mchezaji ni programu inayojitegemea. Anaona pembe ya mbele yake tu, anachokiona kina ukungu, na akitaka kusema na mwenzake anaruhusiwa maneno machache. Anaamua mara 10 kwa sekunde. Hao ndio wanaocheza kwa haki. Timu unayopambana nayo sebuleni ni kichwa kimoja chenye miili 11, kinachojua mahali alipo kila mtu hadi sentimita. Hakuna beki anayemwuliza mwenzake "nani anamchukua huyu?" Kichwa kimeshagawa.

Na hapo kwenye kugawa ndipo unapoweza kuifunga.

Kila mchezaji wa kompyuta ana sehemu yake ya nyumbani katika mfumo, na sehemu hiyo huvutwa na mpira. Timu ya programu ya FC Portugal, waliochukua ubingwa wa ligi hiyo ya RoboCup mwaka 2000 huko Melbourne, walifahamika kwa kuipa mbinu hii umbo zuri. Kwa lugha nyepesi: mpira ukisogea mita 20 kwenda kushoto, beki wa kati anasogea sehemu ya umbali huo, tuseme nusu, yaani mita 10, na beki wa upande wa mbali anajivuta ndani pamoja naye. Ndiyo maana ukuta wa kompyuta unateleza kama pazia kwenye reli, wote kwa pamoja. Ndiyo maana pia ukibadili upande kwa pasi ndefu ya haraka, pazia linachelewa. Uwanja wa kawaida una upana wa mita 68. Mpira unauvuka kwa sekunde tatu au nne. Mabeki wanne wanaotembeza umbo lao bila kulivunja huchukua zaidi.

Juu ya umbo hilo zinagawiwa kazi. Mmoja anakwenda kwenye mpira. Mmoja anasimama nyuma yake kumlinda akipigwa chenga. Wengine wanapewa watu au maeneo ya kukaba. Mgawo unafanywa kwa alama: nani yuko karibu, nani yuko upande wa lango, nani hataacha pengo kubwa akiondoka alipo. Mwenye alama nzuri ndiye anayetumwa kwenye mpira.

Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuandika mgawo huo nikauacha ufanyike upya kila fremu. Mshambuliaji akasimama na mpira katikati kabisa ya beki wa kati na beki wa kulia. Fremu moja beki wa kati alikuwa karibu zaidi kwa sentimita mbili, akatumwa. Alipopiga hatua, hesabu ikageuka, akaitwa arudi na mwenzake akatumwa. Naye akaitwa. Tulikaa tunatazama wanaume wawili wakitetemeka mahali pamoja kama watu wanaopishana mlangoni, "pita wewe, hapana pita wewe", huku mshambuliaji akitembea hadi langoni. Mwenzangu mmoja alicheka hadi akatoka nje. (Mimi sikucheka, gemu ilikuwa ionyeshwe wiki ile.)

Dawa yake inajulikana: aliyepewa kazi asinyang'anywe mpaka mwenzake amzidi kwa kiasi kinachoonekana, tuseme mita moja na nusu, na mgawo ufanyike mara chache kwa sekunde, si kila fremu. Kutetemeka kunakwisha. Lakini dawa hiyo inazaa ugonjwa mwingine, mdogo na wa kudumu: kuna muda mfupi ambapo mtu wa zamani bado anashikilia kazi isiyomfaa tena, na mtu mpya hajapewa. Beki wako "anayesimama kama mlingoti" mara nyingi yuko ndani ya muda huo. Hajalala. Anangoja zamu ambayo kichwa hakijampa.

Kuna sababu nyingine inayowahusu wenzako hasa, na hii ni ya makusudi. Wachezaji wa timu yako wasioshikwa wakikaba kwa ustadi wote tunaoweza kuwapa, wewe huna kazi. Unashika mshambuliaji, unaacha kompyuta ipore mpira, unashinda. Gemu nyingi za zamani zilikuwa karibu na hapo: unashikilia kitufe kimoja na beki anajipeleka kwenye mpira mwenyewe. FIFA 12, iliyotoka mwaka 2011, ilileta mfumo wa kukaba unaokudai upime umbali mwenyewe na uchague wakati wa kuingiza mguu. Wachezaji walinung'unika sana mwanzoni. Mimi nilikuwa upande wa watengenezaji na bado nipo. Tangu hapo kazi ya mwenzako imekuwa kulinda umbo, na kutoka kwenda kumvamia mtu ni juu yako. Kompyuta ya upande wa pili haina mtu wa kumwachia kazi hiyo, kwa hiyo mabeki wake wanatoka wenyewe. Akili ni moja, amri ni tofauti. Hiyo ndiyo tofauti unayoiona, na hapo nakubali kwamba mizani haiko sawa.

Basi ufanyeje? Ukishambulia, usiwakimbilie mabeki wa kompyuta ukiwa umeshikilia kitufe cha kasi. Ukikimbia, mpira unatoka mguuni mbali zaidi kati ya mguso na mguso, na beki amewekewa sharti la kuingiza mguu pale mpira unapoachana nawe. Punguza mwendo na uendeshe mpira kwenye mpaka wa kazi za watu wawili: kati ya beki wa pembeni na beki wa kati, au kati ya kiungo mkabaji na ukuta. Simama hapo kidogo sana. Mmoja akianza kukujia, pitisha mpira pale alipoondoka, na umpe mtu anayekuja kwa mbio kutoka nyuma, si yule aliyesimama. Aliyesimama alishagawiwa mkabaji zamani. Anayekuja mgawo bado unamtafuta.

Pasi zako zipige mapema na fupi. Rudia hesabu yetu ya mwanzo kwa beki aliyesimama mita 5 badala ya 10: hata yule wa sekunde 0.05 anasogea mita mbili tu kabla mpira haujapita. Pasi ya mita 30 kupita katikati ya uwanja mbele ya kompyuta ya ngazi ya juu ni zawadi, usiilaumu ikipokelewa.

Ukikaba, acha tabia ya kushikilia kitufe cha kumwita mwenzako asaidie kuvamia. Kitufe hicho kinamng'oa mtu kwenye umbo, na pengo analoliacha halizibwi mpaka mgawo ufanyike tena. Pia usishike beki wa kati kila mara. Mshike kiungo mkabaji, usimame kwenye njia ya pasi ya kupenyeza, na uwaache mabeki wafanye lile wanalolijua, kuteleza na kulinda mstari. Beki wa kati umshike tu pale mpinzani anapogeuka na uso wake kuelekea lango lako.

Na kama gemu yako ina vipimo vya kurekebisha, kama vile mfululizo wa FIFA ulivyokuwa navyo, vya kwako mbali na vya kompyuta, anza na kimoja tu: kipimo cha ukabaji cha timu yako. Kipandishe kidogo, cheza mechi tano, tazama. Ukivigusa vyote siku moja hutajua kipi kimekuponya na kipi kimekuharibia mstari wa kuotea.